King'ora Kwenye Redio ya Baba

Wiki iliyopita, hapa Louisville, Marekani, niliwasha hita kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze. Vumbi likaungua ndani yake, na harufu ile ikanirudisha Buffalo, kwenye nyumba ya mbao tuliyopanga mtaa wa West Side nikiwa binti wa miaka kumi na mmoja. Unajua harufu inavyoweza kumshika mtu mkono bila kumuuliza.

Ilikuwa 2015, majira yetu ya pili ya baridi. Baba alikuta redio ya kale chini ya ngazi, kubwa kama sanduku la nguo, mbao tupu, nyuma imetafunwa na panya. Hakuwa fundi. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, alichojua kuhusu redio ni kuanika betri juani. Lakini kila alipotoka kazini ghalani aliifungua mezani, harufu ya risasi ya kulehemu ikachanganyika na ya maharage ya bibi, mama yake. Mimi nilimshikia tochi na kumtafsiria jirani yetu, mzee Mmarekani aliyewahi kutengeneza redio za namna hiyo. Jirani alitukataza kuichomeka kabla hatujabadilisha vipande vya zamani vinavyotunza umeme. Alisema redio ile inaweza kuua hata ikiwa imechomolewa.

Bibi hakuhitaji tafsiri. Kijijini kwao Burundi, alituambia, redio ndiyo iliyotangulia, moshi wa nyumba zinazoungua ukafuata. Kila Baba alipoiweka mezani, yeye alisogeza kiti chake karibu na mlango. Nikaanza kuona analala na viatu.

"Mwanangu," alimwambia Baba jioni moja, "kitu kilichonyamaza chenyewe, kiache kinyamaze."

Baba alicheka kidogo, akaendelea kulehemu.

Jumamosi moja asubuhi jirani aliikagua kazi, akaridhika. Baba akachomeka. Taa za kioo ndani zikawa nyekundu polepole, vumbi likanuka, muungurumo ukapanda hadi nikauhisi kwenye sakafu. Kisha sauti ya mtu, safi kabisa. Tukakumbatiana. Hatukuwa tumeachiana vizuri sauti ile ilipokatika na king'ora kikaanza kulia, mlio mkali unaokwaruza meno. Jirani alinieleza kwamba ni majaribio tu ya mlio wa tahadhari za dharura, hufanywa mara kwa mara. Nilikuwa namgeukia Baba nimtafsirie nilipohisi baridi miguuni. Mlango ulikuwa wazi.

Tulimkuta bibi kwenye kituo cha basi, theluji ikimfika vifundoni, sufuria ya maharage mikononi, bado inafuka mvuke.

"Mmechelewa," alimwambia Baba. "Wenzetu wameshavuka mto."

Tulimrudisha nyumbani, ila akili yake ilibaki safarini. Daktari alisema ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwanza zamani. Baba hakuamini hata siku moja. Redio aliitoa kando ya barabara, lori la taka likaichukua. Na kila asubuhi, mpaka alipofariki, bibi alitutajia njia nzima ya kurudi kwao: mto gani, kilima gani, wapi maji yananyweka, wapi usipite jua likizama. Sisi tuliitikia tu ili ale uji.

Siku hizi Baba anaishi Columbus. Tukipigiana simu hujaribu kuyapanga yale majina. Akifika mto wa pili hukwama. Mimi nakumbuka jina moja la mbele yake, lakini sijui kama ni la mto au la kilima, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza.