Visoda vya Siku ya Upasuaji

Kwanza nikiri: bati lililoziba dirisha siku baba alipopasuliwa hospitali ya Haydom nililipigilia mimi.

Yote yalianza na kaka. Alikuwa likizo nyumbani Gitting kutoka chuo kikuu, anachora vibamba vya chuma kwenye karatasi mpaka macho yanamwuma. Vikipangwa mistari juu ya bati, alisema, kila kimoja kikashikwa na msumari, vinazuia mawimbi ya redio yasitambae ovyo, na antena iliyo mbele yake inasikia vizuri. Shida: vikiwa vidogo vinazuia masafa machache tu ya mawimbi hayo, akitaka masafa mengi, kitu kinakuwa kikubwa kama mlango. Mwaka mzima anapunguza, anapima, anafuta.

"Kaka, tumia visoda," nikamwambia.

"Nenda kachunge."

Nikaokota visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, hadi mgongo ukagoma, nikavipigilia mistari juu ya bati. Asubuhi ya upasuaji, kaka akiwa ameenda Katesh, nikalipigilia bati langu dirishani, pale simu inaponing'inia, maana ndani ya nyumba hakuna kwingine inaposhika netiweki. Nilitaka imsikie shangazi vizuri.

Mama akaviona visoda. "Umeanza kupamba nyumba? Mke yuko wapi?"

Akakaa chini ya simu na mahindi ya kupukuchua. Shangazi, aliyekuwa hospitali, angepiga simu baba akitoka chumba cha upasuaji. Saa tano, kimya. Saa saba, kimya. Mama hakugusa chakula. Vidole vilishachoka, vikawa vinapukuchua vyenyewe tu. Nilichungulia simu: netiweki hakuna hata kijiti. Ningeling'oa bati mbele ya mama ningesema nini? Nikaleta utani mmoja, haukumfikia. Nikapukuchua naye.

Saa kumi kaka akarudi, akaliona dirisha.

"Wewe. Mnara uko upande gani?"

"Huko nje."

"Na bati umeliweka wapi?"

Nikaelekeza kidole dirishani.

"Umeliweka katikati! Hata bila visoda lingeziba, we ng'ombe!"

Akaling'oa. Misumari haijaokotwa yote, simu ikalia. Shangazi alifoka mpaka tukamsikia wote: anapiga tangu saa tano, baba ametoka salama, ameamka, anauliza nyumbani mbona wamemsusa.

Mama akarudisha simu kwenye msumari. Akakung'uta makapi kwenye kanga, taratibu, kisha akanitazama.

"Kesho utapanda basi la Haydom, ukamweleze baba yako mwenyewe ulichofanya. Na usimchekeshe, ana nyuzi."