Kisosi Kisichofika Shambani Kwangu

Huku kwetu Manga mwenye shamba haandai chakula tu. Siku egesangio, kikundi chetu cha wanawake wanaolimiana kwa zamu, inapokuja kwako, unachemsha ndizi, unapika uji wa wimbi, na kando ya sufuria unaweka kisosi cha tembe za maumivu. Kila mama anapita, anaokota mbili, anazisukuma kwa uji, anashika jembe. Asiyeweka kisosi ni mchoyo. Mimi nilikijaza mpaka zikamwagika, maana sipendi kusemwa.

Na nilimeza, jamani. Nilimeza mgongo ukiuma, na nilimeza usipouma ili usije ukathubutu. Nyumbani nilikuwa na za asubuhi na za kulalia, nikizinunua sokoni Ikonge kama mtu anayenunua chumvi. Miaka ikapita hivyo. Kisha miguu ikaanza kuvimba, chakula kikaninuka, mkojo ukawa na povu. Nikasema ni uzee. Binti yangu akasema uzee haumvimbishi mtu macho, akanipeleka hospitali Kisii mjini.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya mwalimu wa nasari. Alisoma majibu ya damu, akauliza nameza nini. Nikamwambia.

"Mama, hizo tembe ndizo zinaharibu figo zako. Ukiacha sasa figo zinaweza kurudi hali yake, hata kama si kabisa. Ukiendelea, utakuja hapa kusafishwa damu kwa mashine."

"Na mgongo?"

"Mgongo utauma."

Akanieleza habari ya taulo la maji moto, mazoezi ya kunyoosha kiuno, na kupumzika kabla sijachoka. Dawa yoyote ya maumivu nisiiguse bila kumuuliza. Nilimpenda kwa kutonidanganya, na nilimkasirikia kwa sababu hiyo hiyo. Nilikasirika njia nzima, na nilipofika nyumbani nikazimwaga tembe zote chooni.

Kikundi kilicheka niliposema nimeacha tembe. "Sisi sote tunameza na tuko hapa," alisema mwenyekiti wetu, mama aliyenizidi umri, ambaye tunamwita Mong'ina kwa heshima, na ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa jembe. Nikalima mstari wangu nikisimama, nikijinyoosha, nikiketi. Wenzangu walifika mwisho mimi niko katikati. Mwenye shamba akaninunia. Jioni Mong'ina akaniambia mbele ya wote, "Ama umeze kama wengine, ama utoke. Hatuwezi kulimia mtu asiyelima."

Mimi ni mjane. Mahindi yangu yako kwenye mteremko, na bila egesangio magugu huyameza kabla sijafika nusu. Mahindi hayo ndiyo chakula cha nyumba yangu, na Mong'ina alilijua hilo vizuri. Lakini zamu iliyofuata ilikuwa yangu, na zamu ya mtu hainyang'anywi.

Walipokuja walikuta ndizi, uji na mtungi wa maji.

"Kisosi kiko wapi?"

"Kwangu hakuna. Anayetaka sumu angekuja nayo kwenye leso."

Hakuna aliyekuja nayo, kwa kuwa siku zote ni kazi ya mwenye shamba. Wakaingia shambani wamekasirika.

Jua lilipopanda nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia maisha yangu yote. Sisi hulima tukipiga domo na kuimba nyimbo za kanisa. Siku hiyo nyimbo zilikatika, wanawake wakaanza kuguna. Huyu kashika kiuno, yule ameketi kwenye tuta amefumba macho, mwingine anamwita Mungu kila akiinua jembe. Shamba zima lilikuwa linaumwa. Nilitaka kucheka nikashindwa. Niliogopa.

Mong'ina alikuwa ameegemea mpini, midomo imemkauka. Nikamsogelea.

"Mong'ina, mgongo huu umeanza lini?"

"Yaya, hapana. Mimi siumwi." Akainua jembe, akalishusha, akasema polepole, "Tangu nimzae kitinda mimba wangu."

Kitinda mimba huyo ana watoto shule ya upili.

Nikamwambia akapimwe damu. Akanitazama kana kwamba nimemvua nguo mbele ya watu. Akatia jembe begani, akatangaza kwamba nimewadharau wageni na kwamba zamu zangu zimekwisha. Wakaondoka wote, nusu ya shamba haijaguswa.

Sikuwabembeleza. Niliporudi hospitali, daktari alisema figo zimeanza kurudi. Safari iliyofuata zilikuwa zimerudi zaidi. Hazitakuwa za msichana, alisema, lakini zitanitosha nikizilinda. Nilitoka pale nikitembea kama mwenye mji.

Sasa nalima peke yangu, mstari mmoja, naketi, mstari mwingine. Wapita njia wanaona mahindi ya chini yamezama kwenye magugu, wanacheka. Wacheke. Kila Sabato, kanisani, naitazama miguu ya Mong'ina inavyofura kwenye ndara, namwambia tena akapimwe, naye anageuza uso. Nitamwambia mpaka achoke kunikwepa.

Mgongo unauma hata ninapoandika haya, unauma vibaya, na sitaunyamazisha. Mwaka huu nitavuna nusu. Hiyo nusu nitaila nyumbani kwangu, kisha nitakwenda kukojoa kama binadamu.