Laptop yangu ilikaushwa juu ya jiko pamoja na mbegu: nilivyopata nyingine chini ya laki nne

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta, maana naona aibu kidogo. Leo nauacha. Yote haya yamenikuta mwenyewe mwaka huu, na shahidi ninaye, ni mama yangu mzazi.

Mimi ni mtu wa Lukozi, huku juu Lushoto. Nilimaliza chuo nikakaa nyumbani miaka miwili, nalima karoti na kutuma CV. Sisemi kilimo kibaya, karoti ndiyo imenisomesha. Ila nilisomea lugha, na nilitamani angalau mara moja nilipwe kwa kile nilichosomea.

Mwaka huu nikapata.

Kuna watafiti walizunguka milimani wakirekodi wazee wakieleza mbegu za zamani na namna ya kulima mteremkoni. Mazungumzo yote ni Kishambaa. Wakawa wanatafuta mtu wa kusikiliza, aandike neno kwa neno, halafu aweke Kiswahili pembeni. Transcription, kwa lugha ya mjini. Rekodi thelathini kwa wiki nne. Niliambiwa wazi kwamba nikichelewa kazi anapewa mwingine na mimi sitatafutwa tena.

Mjomba alikuwa ameshanitafutia nafasi ya kubeba mbao kule Shume. Nikamwomba asubiri kidogo.

Wiki ya kwanza nikamaliza rekodi nane. Nilikuwa najiona bosi kabisa.

Kisha nikaenda Rangwi siku tatu, harusi ya rafiki niliyesoma naye. Laptop nikaiacha nyumbani kwa usalama wake. Ulikuwa msimu wa ukungu, na anayeujua ukungu wa huku anajua: nguo inakaa kwenye kamba siku nne haikauki, chumvi inageuka maji ndani ya kopo. Mama akaingia chumbani kwangu kufagia, akashika laptop, akaikuta ina unyevu. Akaona mali ya mwanawe inaharibika.

Sasa huku kwetu kitu usichotaka kiharibike unakiweka wapi? Jikoni, juu ya moto. Nyumba nyingi zina kichanja pale juu ya mafiga. Mbegu za mahindi na maharage zinakaa hapo, moshi unafukuza wadudu, joto linafukuza unyevu. Mama akaifunga laptop kwenye khanga safi, akaiweka katikati ya mbegu, akapika siku tatu.

Niliporudi akanipokea na tabasamu. "Kompyuta yako nimekuwekea pakavu."

Betri ilikuwa imevimba mpaka imeinua kibodi. Skrini ina doa jeusi upande mzima. Fundi wa Lukozi aliifungua, akaifunga, akaniambia nisipoteze hela. Bahati yangu kazi niliyokwisha kuifanya nilikuwa nimeshaituma, na rekodi zilizobaki zilikuwa kwenye flash.

Nilimjibu mama vibaya. Nilimwambia, "Mama, hii siyo mahindi." Jioni ile hakula. Wakuu, yale maneno yaliniuma kuliko hasara ya laptop.

Kesho yake asubuhi akaja na laki mbili, hela ya karoti zake. Mimi nilikuwa na laki mbili zangu. Nikamshukuru, nikamwambia nitaagiza.

"Tunakwenda wote," akasema.

Hapo mimi nilikuwa nimeshapenda moja mtandaoni. Mpya, ndani ya boksi, nyembamba, laki tatu na themanini, na kusafirisha juu yao. Nikizikumbuka specs zake nacheka: RAM 4, storage 64 isiyobadilishika, na processor ya kufungulia calculator. Lakini ilikuwa na nailoni yake, na mtu mwenye shida nailoni inamvuta. Muuzaji alitaka hela kwanza.

Mama akauliza, "Kwao wapi huyo?"

Sikujua.

"Ikigoma unampelekea nani?"

Nikalifunga lile tangazo kwenye simu. Ikaishia hapo.

Tukashuka Lushoto mjini. Mama amebeba chupa ya chai na hotpot ya viazi vya kuchemsha, utadhani tunakwenda kuuguza mtu. Nilikuwa natembea hatua tatu mbele yake kwa aibu.

Karibu na soko kuna jamaa anauza laptop used, duka dogo. Akamsalimia mama shikamoo vizuri, mama akaitikia marahaba, kisha akaanza kumhoji. Mtoto wa nani, kwao wapi, mama yake ametokea ukoo gani. Ikaonekana kwao ni Soni, na baba yake mkubwa mama anamfahamu, wameuziana viazi miaka mingi. Nilidhani ni soga tu. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba mama alikuwa anaandikisha warranty.

Jamaa akatuwekea mezani mbili. Ya kwanza inang'aa, Core i7, spika kubwa. Ya pili mfuniko umechubuka, ina gundi ya stika ya ofisi ya watu, Core i5 ya kizazi cha nane, RAM 8, SSD 256. Brand sitaji, humu kila mtu ana timu yake. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye ile inayong'aa.

Inabidi niwaeleze mama ni mtu wa aina gani. Amenunua viazi vya kupeleka mnadani tangu sijazaliwa. Mnunuzi mgeni anaangalia mdomo wa gunia, anaona viazi vikubwa vimepangwa, analipa. Mama haangalii mdomo. Anamwambia muuzaji amwage gunia lote chini, na asipotaka kumwaga anaondoka.

Akamuuliza jamaa, "Hizi zinakaa saa ngapi bila umeme?"

"Zote saa tatu na zaidi, mama."

"Basi chomoa waya. Zote mbili. Sisi tutakaa."

Akavuta stuli, akamimina chai, akampa na mwenye duka kikombe.

Jamaa alicheka, ila alichomoa. Na mimi badala ya kukaa bure nikaanza kupima. Nikaweka video kwenye zote. Nikabonyeza kila herufi. Nikachomeka flash kila tundu. Nikazima na kuwasha kuona kama kuna password ya watu. Nikachomeka earphone, maana kazi yangu ni masikio. Ile inayong'aa sikio la kushoto lilikuwa kimya. Ukikunja kidogo waya linasikika, ukiachia linakata.

Dakika ya arobaini betri yake ikasoma asilimia sitini na moja. Dakika iliyofuata ikazima.

Jamaa akasema labda ni settings. Mama akanywa chai yake, akasema kwa upole, "Gunia limeshamwagika, mwanangu."

Ile iliyochubuka ikaendelea. Tukala viazi, jamaa naye akala. Mama akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, bado inacheza video. Ilikaribia saa tatu kamili ndipo ikaomba chaji.

Nikamnong'oneza mama kwamba hii imechakaa, watu watanicheka. Akasema, "Viazi vilivyooshwa vinauzika upesi, lakini ndani havikai. Mimi nikinunua vya kuweka nachukua vyenye udongo."

Bei ilikuwa laki nne na nusu. Mama hakubishana. Alifunga chupa ya chai, akapanga vikombe, akamwambia jamaa amsalimie sana baba yake mkubwa. Tulipofika mlangoni ikawa laki tatu na tisini, chaja yake halisi, na miezi miwili ya kuirudisha ikisumbua.

Njiani kurudi nilimwomba radhi kwa yale maneno. Akasema niishike laptop vizuri, barabara ina mashimo. Kwa wanaomjua mama, huo ndio msamaha.

Zilibaki rekodi ishirini na mbili na siku kumi na saba. Mvua ikaleta mambo yake, umeme ukakatika siku mbili mfululizo. Nikawa nachaji kwenye duka lenye sola, narudi nyumbani nafanya kazi mpaka betri iishe, narudi tena. Kwenye ile i7 hapa ningekuwa nabeba mbao.

Lakini kulikuwa na shida ambayo laptop haiitatui. Wale wazee walikuwa wanataja vitu nisivyovijua. Kishambaa changu ni cha nyumbani na sokoni, cha kwao ni cha ndani zaidi. Kwenye kila ukurasa nilikuwa na alama za kuuliza tano, sita.

Jioni moja masikio yalichoka nikachomoa earphone, nikaweka sauti nje. Mama yuko pembeni anapukuchua maharage. Mzee akataja mbegu fulani, nikaandika alama ya kuuliza. Mama akasema bila kuinua kichwa kwamba hayo ni maharage ya kutambaa, ua lake la zambarau, bibi yake alikuwa akiyapanda katikati ya mahindi. Nikarudisha nyuma, nikamuuliza jingine. Akalijua. Tulifuta alama zote za kuuliza, ukurasa kwa ukurasa, na yeye ndiye alikuwa ananikumbusha tuendelee.

Nilituma kazi siku moja kabla ya muda.

Baada ya wiki wakajibu. Swali lao la kwanza: yale maelezo ya mbegu kayatoa nani? Nikawaambia ukweli. Sasa nimepewa awamu ya pili, rekodi sitini, na mkataba una majina mawili. Mimi mwandishi. Mama mshauri wa lugha, majina yake yote matatu, na malipo yake mwenyewe.

Nilipomsomea hakuamini. Akataka nimwonyeshe kwenye skrini. Akaweka kidole chini ya jina lake, akauliza tunaanza lini.

Nilichojifunza, kwa mwenye bajeti kama yangu: usinunue sura. Chukua used nzuri ya ofisi kuliko mpya dhaifu, ipime kwa kazi utakayoifanyia, kaa nayo bila waya mpaka muuzaji achoke kukuona, na ujue kwao ni wapi. Na usione aibu kwenda na mzazi. Mimi niliona, na nilikosea.

Wenye uzoefu na laptop used ongezeni hapo chini, hasa upande wa betri, maana kuna wanaosoma kimya na hela yao ni moja tu. Mwenye swali la specs aniulize mimi. La kumpima muuzaji nitampelekea mshauri, atajibu akitoka shambani.