Shahamu Kwenye Rejeta

Geji za gari la baba zilikuwa na tabia zao. Akipiga honi, tanki la petroli lilijaa. Akiwasha taa, injini ilichemka. Akizima taa, petroli ilipungua na injini ikapoa papo hapo, nasi tukaendelea na safari yetu. Miaka mingi baadaye fundi mmoja alinionyesha chanzo chake: waya mmoja tu nyuma ya geji, ule unaofungwa kwenye bodi, ulikuwa umeshika kutu, na umeme ulikuwa ukijitafutia njia popote. Baba hakumngoja fundi. Alikata shauri kwamba geji zote ni waongo, akaacha kuzitazama.

Baba alikuwa na bucha mjini Meru, na gari lile kuukuu lilibeba nyama siku sita kwa juma. Siku ninayoisimulia lilinibeba mimi. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, nami nilikuwa naenda Embu kuolewa na fundi cherehani. Baba alihitaji pasi ya kusafiri, na wakwe walihitaji kibali cha watu kukusanyika. Kibali kilikataliwa mara mbili. Mara ya tatu kilitolewa kwa Ijumaa moja tu, tangu sala ya adhuhuri hadi saa tisa. Tukiikosa nafasi hiyo, hakuna aliyejua tungeipata tena lini, na mimi nilimtaka yule fundi. Nasema wazi kwa sababu mimi sasa ni mzee na hakuna aliyebaki wa kunikemea.

Tulitoka mara tu amri ya kutotoka nje ilipokwisha asubuhi. Baba kwenye usukani, shangazi kando yake, mimi nyuma na buibui langu na hina mbichi mikononi, nimepakata debe la shahamu ya mbuzi, zawadi ya wakwe. Tangu Chuka, mshale wa joto ulikuwa umelala kwenye wekundu.

"Kaka, hiki kitu kinasema injini inaungua," shangazi alisema.

"Kimezoea," baba akajibu, akapiga honi ili amwonyeshe kinavyorukaruka.

Mshale wa petroli uliruka. Wa joto haukutikisika hata kidogo, maana ulikuwa umefika mwisho na hauna pengine pa kwenda. Mimi niliuona, nikanyamaza, kwa kuwa bibi harusi anatakiwa awe na haya. Haya zile nusura ziniponze.

Tulivuka daraja la Thuchi, tukaanza kupanda upande wa pili. Mvuke ukatoka kwenye boneti. Baba akakaza mguu, gari likapanda likikohoa, likafika juu na kuzimika hatua chache mbele ya kizuizi cha barabarani, pale alipokaa homugadi mmoja, mgambo wa serikali, na koplo wake.

Homugadi, mtu mpole mwenye koti zito, alikuja kutusaidia. Akafunika kifuniko cha rejeta kwa gunia, akakizungusha. Hayakutoka maji. Kilitoka kitu kizito cha kahawia, kikaruka juu, kikatapakaa kotini mwake na kwenye ndevu za baba. Homugadi akanusa mkono. Akalamba kidole.

"Hii ni ucuru," akasema. "Uji ya wimbi. Koplo! Hawa watu wamebeba uji!"

Siku hizo chakula kilichofichwa kilikuwa na maana moja tu, kwamba kinapelekwa msituni kwa wapiganaji. Watu walifungwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Koplo akaja na bunduki begani.

"Mzee, hii chakula mnapelekea nani?"

Baba akajitia kukagua tairi. Namjua baba yangu: alikuwa radhi aitwe rafiki wa watu wa msituni kuliko aitwe mpumbavu. Shangazi akampiga kumbo. "Kaka, sema, au unataka mtoto akaolewe korokoroni?"

Ndipo yakamtoka. Rejeta ilikuwa ikivuja tangu juma lililopita. Hakutaka kuipeleka kwa fundi, maana fundi angelishikilia gari na harusi iko mlangoni. Akakoroga unga wa wimbi, akaumimina ndani. Tundu likaziba. Hilo la mwisho alilisema kwa majivuno kidogo.

"Wewe unalisha gari uji?" koplo akauliza. "Mimi nimezaliwa hapa hapa, na hiyo sijasikia."

Hapo haya zangu zikaisha. Nimekulia nyuma ya bucha nikiyeyusha mafuta, na hakuna mtu wa kunifundisha shahamu huganda wapi na huyeyuka wapi. Nikashuka na debe langu. Nikawaambia kwamba uji ukiganda ndani ya rejeta, maji ya moto hayapiti, na yasipopita, pale patakuwa baridi hata injini iungue. Tukaongeza maji, baba akawasha. Nikachota shahamu kwa kiganja, nikaipaka rejeta yote juu hadi chini, na hina yangu ikaishia humo.

Tukasubiri. Juu, shahamu ikang'aa, ikaanza kutiririka. Chini ikabaki nyeupe vile vile nilivyoipaka. Koplo akaweka kiganja kwenye weupe ule. "Baridi," akasema. Akagusa juu, akauondoa mkono upesi, akatamka neno ambalo shangazi alijifanya hakulisikia. Kisha akacheka mpaka akaegemea gari.

Tulikuwa huru, lakini jua lilikuwa karibu utosini, na kuiosha rejeta ni kazi ya saa nyingi. Likatokea lori la kokoto likielekea Embu, na kando ya dereva palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Koplo akaninyooshea kidole mimi.

"Bibi harusi apande."

"Akafanye nini?" shangazi akasema. "Nikahi haimhitaji huyu. Inamhitaji baba yake."

Ilikuwa kweli. Nikahi ingefungwa kati ya baba na bwana harusi, mbele ya mashahidi, mimi niwe popote nilipo. Kwangu ilitakiwa idhini tu. Baba akanisogelea pale kando ya boneti, akaniuliza kwa sauti ya msikitini kama nimeridhia aniozeshe. Homugadi akavua kofia. Nilikuwa nimefundishwa kuinamisha kichwa na kunyamaza, na kimya kingetosha. Lakini kimya nilikwisha kukijaribu asubuhi, nikaona kilipotufikisha. "Nimeridhia, baba," nikasema. Lori lilipoondoka na baba nililia sana. Nikimwona tena ningekuwa mke wa mtu, naye alikuwa amekwenda kuniozesha akiwa na uji kwenye ndevu.

Tukafungua mpira wa chini wa rejeta. Homugadi alipanda na kushuka mtoni akileta maji kwa ndoo, mimi nikisukuma uji utoke mabonge mabonge. Koplo mwenye saa ya mkono alinitangazia wakati kila baada ya robo saa, kwa huruma tu. Tundu lilipofunguka tena nililisiliba kwa kipande cha sabuni.

Baba alirudi saa kumi na lori lile lile. "Imekwisha," akasema.

"Lini hasa?" nikamuuliza.

"Mara tu baada ya sala. Saa saba na robo."

Nikakumbuka. Koplo alipotangaza saa saba na robo, homugadi alikuwa ameniletea ndoo ya matope matupu. Kwa hiyo neno langu la kwanza nikiwa mke wa mtu nilimwambia mwanamume mwingine, tena kwa ukali: "Chuja hayo maji kwanza!"

Jioni ile, tulipofika Embu, nilimsimulia mume wangu, nikiogopa kidogo. Aliitazama mikono yangu iliyojaa grisi, akauliza kama yule bwana aliyachuja.

"Mara mbili," nikamwambia.

Akafikiri, kisha akasema yeye angeyachuja mara tatu.