Pipa la Bluu Lililonifanya Nijishitaki

Tok.

Niliisikia gizani, hakujapambazuka bado. Ilitoka jikoni. Nikatulia.

Tok, tena.

Binti yangu wa miaka minne akajigeuza kitandani. "Mama, pipa linakohoa."

Nikacheka, nikamfunika vizuri. Laiti ningejua nacheka nini.

Pipa lenyewe la bluu, la plastiki, lilitoka kiwanda cha rangi nyuma ya nyumba yetu. Mapipa hayo waliyagawa bure getini, eti ujirani mwema. Mtaa mzima tulipanga foleni. Maji yanatoka mara mbili kwa wiki, nani atakataa pipa la bure?

Asubuhi ile nikamwogesha mtoto kwa maji ya pipa. Kufika mchana mikono yake ilikuwa imevimba, myekundu, anajikuna huku analia.

Nikamwaga maji yote, nikalipindua pipa. Kwenye kitako kulikuwa na karatasi waliyosahau kuibandua.

Mimi shule nimeirudia ukubwani, darasa la jioni, nikishamaliza kufua nguo za watu. Nikisoma naenda pole pole, kwa kidole.

"Mabaki ya sumu. Usiweke maji wala chakula. Teketeza baada ya matumizi."

Nikasoma mara tatu. Kisha nikambeba mwanangu mgongoni, nikaenda ofisi ya mazingira.

Afisa alinipokea vizuri tu. "Andika malalamiko, dada."

Nikaandika. Akagonga muhuri, akaweka kwenye trei. "Tutakupigia."

Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Kila nikienda naikuta trei ileile, karatasi yangu inazidi kufukiwa na za wenzangu.

"Kaka, mnaenda lini kiwandani?"

"Tumeshawaandikia barua kwamba tunakuja."

"Yaani mwizi mnamwambia siku ya kumpekua?"

"Ndiyo utaratibu, dada."

Wakaenda kweli. Uwanja umefagiliwa, pipa hata moja hakuna. Wakapewa soda, wakashukuru, wakaondoka.

Baadaye afisa akaja kwangu. "Lile pipa unalo bado?"

Nikamwonyesha, tena kwa furaha. Moyoni nikasema, sasa wameamka. Akapiga picha, akaandika, akanikabidhi karatasi.

Mtuhumiwa: mimi. Kosa: kukutwa na taka hatarishi bila kibali.

"Kaka, si mimi niliyewaletea habari?"

"Najua, dada. Lakini kwao hatujakuta kitu. Kwako tumekuta."

Nilikaa juu ya ndoo nikashindwa hata kulia.

Kisha nikaisoma ile karatasi tena, kwa kidole changu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: shauri litasikilizwa ndani ya siku kumi na nne. Mtuhumiwa ataje chanzo cha taka, na mwenye chanzo ataitwa.

Kidole kikasimama hapo.

Malalamiko hayana siku. Mashtaka yana siku.

Nikaenda kwa jirani yangu, mpishi wa shule. "Pipa lako lipo?"

"Lipo, nimetia unga."

"Huo unga usiule. Kesho tunaenda kujishitaki."

Akanishika paji la uso. "Wewe, una homa?"

Nikamsomea ile karatasi, yote. Halafu akaenda kumwaga unga.

Kesho yake tulikuwa wanawake thelathini na mmoja, tunaviringisha mapipa barabarani, dum dum dum. Afisa akatoka nje, kalamu iko mdomoni.

"Mmekuja kufanya nini?"

"Kujisalimisha," jirani yangu akasema. "Tuna taka hatarishi, kibali hatuna. Andika, mdogo wangu, tumeacha sufuria jikoni."

Aliandika mpaka fomu zikamwishia. Kila fomu, chanzo kilekile: kiwanda cha rangi.

Siku ya kumi na tatu tukaitwa. Safari hii na wenye kiwanda wakaitwa.

Mashtaka yetu yalifutwa. Kiwanda kikafungwa mpaka kieleze kila pipa lilikokwenda, na kikaamriwa kutibu watoto wa mtaa. Mikono ya binti yangu bado inamsumbua siku za baridi, sitawadanganya. Na ile trei bado imejaa.

Kwa hiyo dada yangu unayesoma hapa, karatasi ukipewa usiikunje kwa hasira. Isome mpaka chini, hata kwa kidole. Na kama kuna darasa la jioni karibu yako, nenda, hata ukichelewa.

Lakini kesi yenyewe nadhani iliisha kabla ya uamuzi kusomwa. Wakili wa kiwanda alikuwa amesimama kando ya pipa langu, anasema mapipa yalioshwa, ni safi, mtoto alidhuriwa na sabuni tu. Akakunja mkono wa shati afungue kifuniko, aingize mkono tuone wenyewe.

Binti yangu akateleza kutoka mapajani mwangu, akamvuta suruali.

"Mjomba, usishike, linawasha."