Mkono Uliokata Mtoma

Mwaka bei ya kahawa ilipopanda, watu wa Isingiro walipoteza adabu. Walifyeka migomba ya babu zao ili wapande mibuni. Byabato, aliyekuwa na mkono hodari wa shoka kuliko wote kilimani kwetu, aliutazama mtoma wa baba yake akaona unamzibia nafasi.

Mtoma ndio mti uliotuvika kabla ya nguo za dukani. Mzee Rwezaura, baba yake Byabato, aliubambua gome kwa uangalifu, akaufunga majani ya mgomba kama afungavyo mtu kidonda, nao ukaota gome jipya. Hilo jipya alikuwa analisubiri alitwange liwe nguo ya lubugo ya kuzikiwa. Leo vijana wakiiona nguo hiyo wanadhani ni mkeka.

Byabato aliukata mti huo wakati mzee yu kitandani na homa.

“Unakata nini huko nje?” mzee aliuliza.

“Kuni tu, tata.”

Mzee alipofariki, jirani yao Pastory alileta nguo ya lubugo aliyojiwekea mwenyewe. Byabato akamrudisha mlangoni. “Baba yangu hazikwi kishenzi,” alisema. Rwezaura akazikwa ndani ya marekani, kitambaa cha dukani.

Matanga hayajaisha, Byabato aliamka mkono wa kulia umekufa. Ukichomwa pini, hasikii. Mganga wa zahanati alisema ni mshipa, akampiga sindano. Katekista alisema ni shetani, akamwombea. Kila mmoja alikuja na dawa yake tayari, kisha akatafuta chanzo kinachoifaa. Byabato mwenyewe hakuna aliyemwuliza.

Ndipo dada yake, Kokuhirwa, akamleta mpiga ramli kutoka Nyakasimbi, huku njia nzima akimsimulia habari za msiba. Mtu yule akatupa ramli yake, akasema, “Yupo jirani aliyeleta kitu, kikakataliwa. Ndiye aliyeufunga mkono.” Dawa yake ilikuwa fupi: migomba ya Pastory ikatwe, naye ahame na watoto wake.

Ukoo ukakusanyika uani. Pastory akaitwa.

“Mbona mkono wa kushoto unaifahamu njia ya kibuyu cha pombe ya rubisi?” alisema Elpidius, shemeji yao. “Huo mchawi aliusahau?”

Watu wakacheka. Pastory hakucheka. “Ningetaka kumroga Byabato,” alisema, “ningeanza na mdomo.”

“Tamka, kaka,” Kokuhirwa alisema. “Ni huyu? Vijana wana mapanga.”

Byabato aliutazama mkono wake uliokufa. Alikuwa na haja ya neno moja tu, na aibu yake ingebebwa na mtu mwingine mpaka ng'ambo ya Murongo, nchi ya Uganda.

“Si huyu,” alisema mwishowe. “Tata aliniuliza nakata nini, nikamdanganya. Mkono huu ndio uliokata sanda yake.”

Kokuhirwa alimtazama kaka yake. “Tata alijua,” alisema taratibu. “Aliniambia, ‘Mtoto anakata nguo yangu.’ Akanikataza nisikuulize, usije ukaaibika.”

Byabato akalia kama mtoto. Mpiga ramli alikusanya vitu vyake akaondoka.

Kulipokucha Pastory alimletea tawi la mtoma wake, kwa maana mti huo huota kwa tawi. “Ng'oa mibuni pale ulipokuwa mtoma, ulipande hili,” alisema, hakukaa. Byabato alichimba shimo kwa mkono wa kushoto, na alipolisimamisha tawi, vidole vya kulia vililishika.

Msimu uliofuata alichuma kahawa ya mibuni yake ya zamani kwa mikono yote miwili. Zahanati walisema sindano yao imefanya kazi, katekista akashukuru sala. Watu walimpongeza njiani, wakataka kumpa mkono. Byabato aliwapa wa kushoto. Wa kulia aliuficha ndani ya kanzu, akisema kimoyomoyo kwamba umepona mapema mno.