Kilo Ishirini na Moja za Oksijeni

Baba alichimba kasiterite, jiwe lenye bati, kule Lusangi. Nilipoanza kusoma kemia mjini Kasongo, nilirudi likizo na kiburi changu chote. Nikampigia hesabu ya uzito wa atomi zake sakafuni kwa mkaa: bati mia moja kumi na tisa, oksijeni thelathini na mbili, jumla mia moja hamsini na moja.

"Baba, katika kilo mia za jiwe safi, bati ni kama kilo sabini na tisa. Zile ishirini na moja ni oksijeni."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni ile hewa inayotupa pumzi."

Akaligeuza jiwe mkononi. Akakohoa kwanza, kikohozi chake kilekile.

"Kumbe tulikuwa tunaibeba mgongoni," akasema, "na mule shimoni tunaikosa."